Mabinti wa kidato cha nne nao wanahitaji kungwi

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Morogoro ila kuandika ndo mara ya kwanza.

Kila ikifika Oktoba 11, siku ya mtoto wa kike, tunaona picha za mabinti wamevalishwa fulana mpya, wanaambiwa jiamini unaweza, wanakunywa soda wanarudi makwao. Sina ugomvi na fulana jamani, ila mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiniita nasimama machozi yananilenga na sauti haitoki, na aliyenitoa huko hakuwa mgeni rasmi, alikuwa nesi wa zahanati aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, huko Kilosa. Hakuwahi kunihutubia hata siku moja. Alikuwa ananituma tu. Nenda dukani kawaambie chenji haijatimia, nenda kwa mwenyekiti kaulize mkutano ni saa ngapi, halafu jioni ananisimamisha upande huu wa shamba la mahindi na yeye anaenda kusimama kule mwisho, eti nimsomee maandishi ya kopo la dawa, asiposikia anapaza sauti "sijasikia binti, rudia!" na majirani wote wametoka nje wanacheka. Wiki ya kwanza nililia. Baadaye wakicheka na mimi nacheka, na leo ni mtu wa maabara, daktari akinibishia majibu ya kipimo namjibu palepale.

Nimeyakumbuka haya baada ya binti wa jirani kuja kuniomba elfu mbili ya kubadilisha tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kusoma kidato cha tano. Namuuliza unabadilisha kwenda wapi, ananijibu sijui anti, kaka wa steshenari ndo anajua. Nikavaa viatu tukaenda wote. Pale foleni ya watoto imefika barabarani, kijana yuko kwenye kompyuta anabonyeza tu, anayefuata, anayefuata, kama anakatisha tiketi stendi. Nikaomba kuona matokeo ya binti: Baiolojia B, Kemia C, Jiografia C, Historia D, Kiswahili D. Na alichokuwa amejaza kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua tahasusi, tangu mwanzo ni HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, kisa rafiki yake kajaza hiyo! Sasa piga hesabu, B ni pointi 2, C ni 3, D ni 4, na pointi chache ndo bora: HGK inampa pointi 11 wakati mwisho ni 10, hapo hapati kitu, ila CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ana pointi 8 anaingia vizuri kabisa. Nikamwambia yule kijana ampishe kiti. Binti akashika mausi mkono unatetemeka, kila hatua ananigeukia "anti nibonyeze?", namwambia kwani fomu ni yangu? Ilituchukua kama nusu saa na foleni ilitununia sana, ila alibonyeza mwenyewe mpaka mwisho.

Mama yake si mzembe, tusije tukamlaumu. Kaishia la saba, anauza vitumbua alfajiri, na tangu 2024 serikali ilipoongeza tahasusi kutoka 16 mpaka 65 hata sisi tuliosoma tunakuna vichwa. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022, nashukuru kwa hilo, waraka wa 2021 nao umeruhusu waliojifungua warudi darasani, lakini mtoto hana wa kumuuliza huko anakoenda kukoje. Mwalimu wa malezi yupo shuleni ila huyohuyo ana vipindi, ana zamu, ana mitihani ya kusahihisha. Bibi zetu hili walilijua, mwali alikuwa na kungwi wake, mtu mzima ambaye si mama mzazi, maana yapo mambo mtoto hawezi kumwambia mama. Tumebakiza kungwi wa kumfunda kuhusu ndoa tu, wa masomo na kazi hatuna.

Na nikisema mtu mzima nasema mwanamke, mzazi anamfahamu na mlango uko wazi. Yule kaka anayejitolea kumfundisha binti hesabu saa mbili usiku peke yake, mimi simo.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule na halmashauri. Kipindi cha kujaza selfomu, na tena dirisha la kubadilisha likifunguliwa, waiteni wanawake wa mtaani wenye kazi zao, fundi cherehani, mhasibu wa saccos, bwana shamba wa kike (sijui nimwiteje), dereva, wakae na mabinti wachache wachache chini ya mwembe wajibu maswali. Hatuhitaji posho wala bango. Mimi Jumamosi natoka kazini saa nane mchana, na kutoka hospitali mpaka shule ya kata ni bodaboda ya buku.

Mama wa maabara,
Morogoro