Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeogopa kuwa Mkristo wa nje tu

Mdogo wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Swali lako nimelipata: mtu atajuaje kama anaamini kweli au amezoea tu kuonekana anaamini? Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wanalo swali hilohilo, ila wakishaitwa "mtumishi" wanaona haya kuliuliza.

Kwanza uondoe dhana kwamba wanafiki wa kwenye Injili walikuwa watu wa mzahamzaha. Farisayo wa Luka 18, yule mshika dini aliyepanda hekaluni kusali sawa na mtoza ushuru, alifunga mara mbili kwa juma. Torati iliweka siku moja tu ya kufunga kwa mwaka mzima, Siku ya Upatanisho. Yeye alifikisha zaidi ya 100. Wenzake wa Mathayo 23:23 walitoa zaka hadi ya mnanaa, bizari na jira. Hebu fikiria mtu ameinama juu ya mbegu za jira, kila kumi anatenga moja. Hiyo ni bidii ambayo wengi wetu hatuna. Na Yesu hakuwaambia waiache, alisema wameacha "adili, na rehema, na imani", akaongeza, "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache."

Kwa hiyo usikimbilie upande wa pili, ule wa "mimi siendi kanisani, Mungu anaujua moyo wangu." Anayejisifu kwamba yeye si kama wale walokole wanafiki anasali sala ileile ya Farisayo, "mimi si kama watu wengine", kabadilisha hadhira tu.

Isome tena hiyo sala. Anashukuru, anajilinganisha, anataja mfungo wake na zaka zake, basi. Haombi chochote. Mtoza ushuru anaomba kitu kimoja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Hapo una kipimo ambacho hakihitaji mchungaji wala semina. Ukimaliza kusali, jiulize ni nini hasa ulichoomba ambacho usipopewa umekwisha. Kama sala nzima ilikuwa taarifa ya utendaji, unajua uko wapi.

Mathayo 6 inachukua mambo matatu, sadaka, sala na kufunga, na kila moja linabeba onyo lilelile: waliofanya ili watazamwe "wamekwisha kupata thawabu yao." Tiba ni kuondoa watazamaji, na hilo lina ufundi wake.

Kwenye sadaka, tafuta mtu mwenye shida halisi, umfikishie msaada kupitia mwingine anayejua kunyamaza, jina lako lisitajwe. Kutoa ni rahisi. Kazi inaanza baada ya kutoa. Siku chache za mwanzo ulimi utawasha. Utajikuta unasema "kuna mtu fulani alisaidiwa juzi," huku unatazama nani atabahatisha. Au utaigeuza kuwa ushuhuda, "si kwa kujisifu, bali kwa utukufu wa Mungu." Na yule uliyemsaidia akikupita njiani bila salamu, ukasikia hasira, basi ulikuwa umemkopesha. Anania na Safira, mume na mke wa Matendo 5 waliouza mali yao, hawakuhukumiwa kwa kubakiza fedha. Petro alimwambia Anania wazi kwamba zilikuwa katika uwezo wake. Walihukumiwa kwa kuleta sehemu na kuiita yote.

Sala ya mlango uliofungwa nitaipita upesi: linganisha tu dakika unazosali peke yako na zile unazosali ukiwa na kipaza sauti. Na kama sauti yako ya mbele ya watu ni ya mtu mwingine kabisa, iache.

Kufunga kuna shimo lake, na Isaya 58 imelionyesha. Watu walifunga huku wakiwalemea wafanyakazi wao, wakashindana na kugombana. Unaifahamu hali hiyo: mtu yuko siku ya tatu ya maombi, na nyumba nzima inatembea kwa kunyata kwa sababu ya hasira zake. Kama mfungo unawafanya wa nyumbani kwako walie, punguza siku. Funga mlo mmoja, oga, jipake mafuta, fanya kazi zako kama kawaida, kisha thamani ya mlo huo uipeleke kwa mwenye njaa, maana ndilo Isaya analotaja. Ukifunga na chakula kikabaki kabatini kwako, umebana matumizi tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani linapima imani kuliko mengine yote, na mimbarini halisikiki sana: deni.

Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako palepale uende kwanza ukapatane naye. Maneno hayo waliambiwa watu walioko Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Yaani acha mnyama wako pale, rudi siku zote hizo, patana, kisha uanze safari upya. Ibada inaweza kusubiri. Mtu uliyemkosea ndiye asiyesubiri.

Torati ilikuwa imeshatoa utaratibu. Walawi 6:1-7: aliyedhulumu, aliyenyang'anya, aliyezuia amana au aliyeokota kilichopotea akakana, atarudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Ulichukua 100, unarudisha 120. Ndipo inakuja sadaka ya hatia. Angalia mpangilio: mwenye mali anapokea mali yake, na kuhani analetewa kondoo.

Ukitaka kulifanya, andika majina kwenye karatasi, na mbele ya kila jina kitu chenyewe: kiasi, kitu ulichoazima, maneno uliyoyasambaza. "Nimewakosea watu wengi" si orodha. Nenda kwa mtu mmojammoja. Usiseme "kama nilikukwaza", taja ulichofanya. Lipa, ongeza, na usimdai msamaha palepale, kwa sababu kumwekea mtu fedha mkononi huku unamngoja aseme "yameisha" ni kumbana mara ya pili. Kama huna za kulipa zote, peleka za kwanza na tarehe ya zinazofuata. Kosa la maneno linarudishwa kwa kuwaendea walewale uliowaambia.

Kinachoharibika hapa ni kwamba tunatubu kwa mtu asiyehusika. Mtu amemdhulumu kibarua wake, anakwenda kulia mbele ya kanisa, wanamwombea, anarudi nyumbani mwepesi, na kibarua bado hajalipwa. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira ulipwe kabla jua halijatua. Au anatoa sadaka nono kwa fedha ambazo wazazi wake wanazihitaji. Hiyo ndiyo Korbani ya Marko 7, yaani mali iliyotajwa kuwa wakfu kwa Mungu ili wazazi wasisaidiwe nayo, na Yesu aliiita kulitangua neno la Mungu.

Najua utasema: si tunaokolewa kwa neema? Ndiyo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alishuka nyumbani amehesabiwa haki kabla hajarudisha hata senti. Zakayo naye, mtoza ushuru wa Luka 19, Yesu alijialika kwake kwanza. Nusu ya mali kwa maskini na malipo mara nne vikafuata. Lakini vilifuata. Neema iliyofika nyumbani kwa mtoza ushuru ikamwacha na fedha za watu kabatini, Luka hana habari zake.

Umeniuliza pia juu ya yule uliyemdai pasipo haki, ambaye ameshafariki. Hesabu 5:8 imeliona hilo: kinarudishwa kwa jamaa yake wa karibu, na asipokuwepo jamaa hata mmoja, ndipo kinakuwa cha Bwana, apewe kuhani. Wewe ulitaka kuanzia mwisho, uzitie kwenye kapu la sadaka ufunge faili. Marehemu ameacha watoto. Watafute hao kwanza, uwaambie baba yao alikulipa kisichokuwa chako, uwape na ile sehemu ya tano.