Kwa ndugu yangu anayetengeneza programu ya benki

Lubumbashi

Ndugu yangu mpendwa,

Jambo sana. Barua yako imenifikia salama. Hapa tuko wazima, mvua zimeanza vizuri, na mama yako wa Katuba anakusalimu. Nilipomwambia kwamba sasa uko kwenye kikosi kinachotengeneza programu ya benki huko Kinshasa, alifurahi mno, kisha akaniagiza nikuombe makuta yake, yaani fedha zake, yasikwame tena kwenye simu. Ombi lake ndilo barua hii yote, ila mimi nitalirefusha.

Umeniuliza kwa nini wateja wenu wa huku hutoa mshahara wote siku ileile unapoingia, wakaacha akaunti tupu. Unasema wakubwa wako wanadhani watu wa Lubumbashi hawajazoea teknolojia. Hapo wamekosea sana. M-Pesa iko Kongo tangu 2012, na leo hata mama muuza mboga za lengalenga wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anapokea malipo kwa simu bila kuuliza mtu. Watu wanajua kubonyeza. Tatizo ni kwamba wanakumbuka.

Wazee wetu waliona Desemba 1979, noti za zaire 5 na zaire 10, fedha ya nchi yetu wakati ule, zilipofutwa ghafla na wenye akiba nyumbani wakapewa siku chache na kiwango kidogo cha kubadilisha. Oktoba 1993 waliona zaire milioni 3 zikigeuka zaire mpya 1. Na 2016, sisi wenyewe tukiwa watu wazima, ikaja habari ya benki ya BIAC iliyoishiwa fedha: mtu ana akaunti, karatasi zake ziko sawa, lakini dirishani anapewa kidogo kidogo. Kwa hiyo yule unayemwona anatoa mshahara wote hakimbilii godoro, maana godoro nalo liliwahi kumtupa. Anapita kwa kambisti, mbadilisha fedha, anageuza franka kuwa dolari, analipa ada ya watoto, ananunua mifuko ya saruji. Programu yenu imekuta moyo wa namna hiyo. Kosa dogo ambalo Mzungu wa Ulaya angelisahau kufikia Jumatatu, huku linaangukia juu ya kidonda.

Unajua nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya kulinganisha hesabu za benki kabla sijaanza kuwatunzia wafanyabiashara vitabu vyao. Pale ndipo nilipoona makuta "yanapotea" namna gani, na kwa kweli mara nyingi hayapotei. Mama anabonyeza kutuma dolari 600 kutoka benki kwenda kwenye simu ya mtu. Ombi linafika benki, benki inakata 600 kwenye akaunti, kisha inapeleka ujumbe kwa kampuni ya simu: mwongezee fulani 600. Kampuni inaongeza na kujibu kwamba tayari. Sasa rezo, yaani mtandao, ikikatika kabla jibu halijarudi, benki inabaki gizani. Huenda ujumbe haukufika. Huenda ulifika, kazi ikafanyika, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ni kama umempa dereva bahasha ampelekee mtu Likasi, halafu simu ya dereva ikazimika: huwezi kusema amefika, huwezi kusema hajafika, na ukituma bahasha nyingine kwa haraka, mtu wa Likasi anaweza kupokea mbili.

Programu nyingi zikifika hapo huandika: kosa limetokea, jaribu tena. Ndugu yangu, ushauri huo umeumiza watu kuliko kukatika kwa rezo kwenyewe.

Mmoja wa wamama ninaowatunzia vitabu analeta unga na mafuta ya kupikia kutoka Zambia. Ijumaa moja jioni lori lake lilikuwa limesimama mpakani Kasumbalesa, karatasi za forodha zinangoja malipo. Akatuma dolari 600 kwa programu ya benki yake. Kosa limetokea, jaribu tena. Akajaribu. Ikaandika vilevile. Alipofungua salio, 1,200 zimeondoka, na yule wa kupokea anaapa hajaona kitu. Akapiga namba ya benki: muziki, muziki tena, halafu sauti ya mashine ikamwambia apige Jumatatu. Alilala ndani ya lori pamoja na dereva, na pale maegesho hulipwa kwa siku. Makuta yalirudi wiki iliyofuata, yote, bila ujumbe wala maelezo. Salio lilipanda tu, kimya. Tangu hapo anaacha kule kiasi cha kufanya akaunti isifungwe, basi.

Nilichukua karatasi nikamchorea njia yote, kama nilivyokuchorea wewe hapo juu. Nikamweleza kwamba usiku pande mbili hupelekeana orodha za shughuli za siku, zile zisizolingana zinawekwa kando, na mtu anazipitia moja moja kabla ya kurudisha. Kwetu orodha za Jumamosi na Jumapili zilikuwa zinarundikana hadi Jumatatu mchana. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Nimeelewa. Lakini wao walijua kwamba hawajui, na mimi waliniambia nijaribu tena." Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina.

Sasa nikuonyeshe mtu ambaye mama huyo anamwamini. Karibu na soko kuna mama wa kabini, kituo cha kutuma na kutoa fedha kwa simu, chini ya mwavuli, meza ndogo, simu tatu na daftari la shule. Kila shughuli anaiandika kwa kalamu kabla hajabonyeza: saa, namba ya simu, kiasi. Ikipita, anaongeza tarakimu za mwisho za namba ya kumbukumbu na kuweka alama. Rezo ikikatika, haweki alama. Anakugeuzia daftari, anakuonyesha mstari wako, anakwambia: "Yako imetoka kwangu, kwako haijaonekana. Usiende kabini nyingine kutuma tena. Acha namba yako." Na kweli anapiga, hata usiku. Rezo yake ni ileile ya benki, inakatika mara zilezile. Nimewahi kuona watu wamesimama juani wakimngoja yeye, na kabini nyingine iko wazi hatua chache kutoka hapo.

Usidhani haya ni mambo ya nchi zenye rezo mbovu tu. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 kwenda mfumo mpya wa kompyuta. Wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje, wengine wakafungua simu na kukuta akaunti za watu wasiowajua. Siku chache baadaye mkurugenzi wake, Paul Pester, akatangaza kwamba programu inafanya kazi, huku wateja wengi wakiwa bado wanagonga mlango. Wabunge walimbana kwa maneno hayo, na Septemba ya mwaka huohuo aliacha kazi. Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65 kwa namna ilivyosimamia kazi ile ya kuhama. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba mfumo uliharibika mara moja, lakini mteja aliambiwa "iko sawa" akiwa anaangalia kwa macho yake kwamba haiko sawa. Baada ya hapo hata ujumbe wa kweli haumwingii.

Na kuna jambo la Ethiopia ambalo linanikera kwa sababu nyingine. Machi 2024, hitilafu katika Benki ya Biashara ya Ethiopia iliwaruhusu watu kutoa zaidi ya walichokuwa nacho, na wanafunzi wa vyuo wakajaa kwenye mashine za kutolea fedha. Benki iliwatambua, ikadai, na wale ambao hawakurudisha ikatangaza majina na picha zao. Ilikuwa haki yake kudai. Lakini basi kompyuta zinaweza! Benki ikipungukiwa, inajua nani, kiasi gani, saa ngapi. Mteja akipungukiwa, kwa nini aambiwe angoje bila hata karatasi?

Kwa hiyo ukikaa na wenzako, waombe haya kutoka kwangu. Jibu lisiporudi, skrini iseme kweli: dolari 600 zimetoka kwenye akaunti yako, hatujathibitisha kama zimefika, usitume tena, tutakujulisha kabla ya saa fulani. Saa hiyo ikifika na jibu halijapatikana, mwandikieni vilevile. Mpeni namba ya kumbukumbu anayoweza kumsomea mtu kwenye simu, kwa Kiswahili, hata Jumamosi usiku. Na makuta yakirudi, mwambieni yamerudi kwa sababu gani. Wenzako watasema ujumbe wa namna hiyo utawatisha wateja. Waambie wateja wamekwisha kutishika zamani, na wanaowatuliza siku hizi ni watu wenye daftari.

Kuna moja ambayo haingoji mkutano. Mtu akibonyeza upya shughuli ileile, lazima iende na namba ya kumbukumbu ileile ya kwanza, ili upande wa pili uitambue na kusema "hii ninayo tayari" badala ya kulipa mara mbili. Angalia yenu inafanya nini. Kama inazaa namba mpya kila mtu anapobonyeza, ongea nao leo, kabla mishahara ya mwezi huu haijaingia, na uniandikie walivyokujibu.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi ndugu yako.