Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandika programu, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, na wageni wetu wawili mliofika kabla ya wenyeji,

Nawashukuru kwa kuja. Barua ya mwaliko ilisema saa 4 asubuhi. Saa 4 tulikuwa watu sita, pamoja na mama wa chai. Nilipoandika taarifa hii niliacha nafasi ya idadi wazi, na katibu amenijazia sasa hivi: wanachama 23 kati ya 64. Katiba inataka nusu. Katiba hiyo hiyo inasema mkutano ukishaahirishwa mara moja kwa kukosa akidi, unaofuata utaendelea na waliopo. Tuliahirisha Desemba. Kwa hiyo tuko kihalali, na naomba suala hili lisirudishwe tena kwenye mengineyo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Tulikutana kila Jumamosi ya tatu ya mwezi isipokuwa Desemba. Tulitembelea shule mbili za sekondari kufundisha misingi ya kuandika programu. Katika moja tuliishia kutengeneza mashine ya fotokopi ya ofisi ya mwalimu mkuu, maana tulishatambulishwa kuwa ni watu wa kompyuta. Aprili tulizungumzia ule mlango wa siri uliokutwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, mada niliyoiandaa mimi mwenyewe. Tulifiwa mara tatu, tukazika, tukachangia. Mkaguzi wetu wa hesabu, ambaye si wa fani yetu, alisoma kwenye muhtasari wa Juni kwamba “kodi ya mwanachama imekataliwa” akataka kujua tunadaiwa na nani. Ilikuwa “code”, yaani maandishi ya programu aliyoyaleta mwanachama. Katibu ameelekezwa kuanzia sasa aandike msimbo.

Mahudhurio. Mkutano uliojaa kuliko yote ulikuwa wa tarehe 18 Mei, watu 41. Nilifarijika sana, mpaka nilipokumbuka kwamba nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika baharini tarehe 12 na mtandao ulikuwa bado unasuasua majumbani. Tarehe 20 Julai tulikuwa tisa. Hao naweza kuwaelewa, kwa sababu siku moja kabla sasisho bovu la programu ya ulinzi lilikuwa limeangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani, na wenzetu wawili walikuwa kazini wakizifufua moja moja kwa mkono. Ila hao ni wawili. Waliobaki 53 sijapata maelezo yao, na Oktoba, ambako hakukuanguka kitu popote, tulikuwa saba.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo.

Tarehe 14 Septemba nilisimamisha matumizi ya mfumo wetu wa ada na kurudisha daftari. Tangu siku hiyo nimeitwa mengi. Nimeambiwa nimekitia aibu chama, kwamba chama cha waandika programu kuweka ada kwenye kaunta buku ni sawa na mvuvi kununua samaki sokoni. Nimeambiwa pia sikuita Kamati. Naomba niweke kumbukumbu sawa, na mnivumilie nikienda polepole, kwa sababu wengi wanaosema hawakuwapo.

Mwezi Agosti mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake, Shinyanga. Jina lake, kama majina mengi ya Wasukuma, linaanza na Ng'. Mtunza hazina akafungua mfumo ili atoe rambirambi, akaandika jina, mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu: “Jina si sahihi.” Akajaribu bila kile kikoma cha juu. “Mwanachama hayupo.” Mtu ambaye yuko nasi tangu mwanzo na ambaye ada yake hulipa Januari! Sisi tunaelewa kilichotokea: alama ile hifadhidata huisoma kuwa mwisho wa neno, na aliyeandika fomu, badala ya kuishughulikia ipasavyo, aliona rahisi kuikataza. Ningeelewa kama mfumo ungekuwa umetoka ng'ambo. Umeandikwa Sinza, na watu wanaosema ng'ombe tangu utotoni.

Mfiwa tulimweleza mambo ya hifadhidata. Alituitikia kwa upole akisema jina hilo alipewa na babu yake na halijawahi kumkatalia mtu. Rambirambi ilichelewa siku mbili, na hata hiyo niliitoa mfukoni mwangu, shilingi 100,000. Sijarejeshewa hadi leo. Sidai, naitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Hapo ndipo nilipomwita katibu, tukakaa jioni moja na laptopu mbili. Tuliwachagua wanachama kumi bila kuangalia majina, tukawapigia, tukawaomba watusomee ujumbe wa muamala waliotumiwa na mtandao wa simu. Kati ya kumi, waliolingana na mfumo ni wanne.

Nitaeleza kwa kifupi tulichokikuta. Mtandao wa simu ukichelewa kupata jibu letu hutuma uthibitisho wa malipo mara ya pili. Mfumo wetu haukuwa unaangalia nambari ya muamala, kwa hiyo kila ujumbe uliokuja uliuhesabu kuwa pesa mpya, na mtu aliyelipa nusu, 30,000, akaonekana amemaliza 60,000. Orodha ya simu iliwahi kupitishwa kwenye jedwali la hesabu, jedwali likaona sifuri ya mwanzo haina kazi likaitupa, na tangu hapo vikumbusho vya ada vikawa vinakwenda kwenye namba zisizokuwapo. Seva inatumia saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo aliyelipa usiku wa mwaka mpya kabla ya saa 9 aliingizwa kwenye mwaka uliopita. Ndugu yetu aliyeko Muscat alilipa riali 9. Riali ya Oman hugawanywa baisa 1,000, si senti 100 kama shilingi yetu. Mfumo uligawa baisa zake 9,000 kwa mia, akasomeka amelipa 90. Alinipigia akicheka, akauliza kama sasa amekuwa mwanachama wa kudumu. Na yule wa Kampala, ambaye shilingi ya Uganda kwa viwango vya benki haina senti kabisa, hesabu yake ilipotea upande wa pili: malipo yake mawili yakisomeka kama nauli ya daladala.

Halafu kuna lile la usiku ambalo wote mnalikumbuka. Aliyeweka kikumbusho cha mkutano wa Agosti aliandika 2:00, akimaanisha saa 2 asubuhi kama tunavyosema sote. Kompyuta haijui saa za Waswahili. Saa 8 usiku simu 64, au tuseme zile zilizobaki na sifuri zao, zikalia: “Mkutano unaanza sasa.” Mke wa mjumbe mmoja alitaka kujua ni mkutano gani huo. Nilimpigia mwenyewe asubuhi kumthibitishia kwamba ni hitilafu, na nadhani aliniamini.

Wanaosema ningeagiza tu mfumo utengenezwe wanafikiri sikuagiza. Nilianza kwa kumtafuta aliyeuandika, na napenda kusema hapa hadharani kwamba sina ugomvi naye. Aliuandika bure, akautunza bure miaka mitatu, na malipo yake yalikuwa lawama kila Jumamosi ya tatu. Sasa amepata kazi nje, akiamka yeye sisi tunalala. Katikati ya msimbo, mahali hesabu inapofanyika, ameacha maneno haya: “Usiguse hapa, nitaeleza.” Hakueleza, na mimi siwezi kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mada ya Aprili ilikuwa hii hii. Xz inatumika kwenye mashine zisizo na idadi, ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyekwisha choka, watu wakamsukuma akubali msaidizi, na msaidizi ndiye aliyeingiza mlango wa siri. Dunia iliokolewa na Andres Freund, mhandisi wa programu, aliyeona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde akakataa kulipuuza. Nilipomaliza kueleza haya mlipiga makofi sana. Nikauliza nani atajitolea kumsaidia mwenzetu. Katibu aliandika kwenye muhtasari: “Kimya.”

Alipatikana ndugu mmoja, simtaji, aliyesema msimbo ule haufai hata kusomwa na kwamba ataandika upya wote kwa lugha ya kisasa, wiki mbili. Baada ya wiki saba alituonyesha ukurasa wa kuingilia. Ni mzuri, nakiri, una hata hali ya giza kwa wanaofanya kazi usiku. Ukishaingia hakuna kitu. Alisema kwake inafanya kazi. Kwake ni Mbezi. Mtunza hazina anakaa Gongo la Mboto.

Kuhusu Kamati: niliiita mara mbili, tarehe 31 Agosti na tarehe 7 Septemba. Mara zote mbili walikuja watatu kati ya saba, nami nikiwemo. Kifungu cha dharura kinampa mwenyekiti mamlaka ya kuchukua hatua na kuileta kwa wanachama mkutano unaofuata. Niliileta tarehe 21 Septemba. Wanaodai ile haikuwa dharura nawaomba wamuulize mfiwa.

Daftari nililinunua Kariakoo kwa pesa yangu, kwaya tatu, jalada gumu. Kila anayelipa anaonyesha ujumbe wa muamala, mtunza hazina anaandika nambari yake, jina, kiasi na tarehe, mlipaji anasaini. Nambari ikishaandikwa haiandikwi tena. Kwa maneno ya fani yetu, ule ukaguzi wa nambari ya muamala tulioukosa miaka mitatu sasa unafanywa na mama mmoja mwenye kalamu ya bluu. Ng' inaandikika. Upungufu upo, sikatai: ukurasa wa 14 una duara la kikombe cha chai, na nakala ya akiba ni picha ambazo katibu huzipiga kwa simu akikumbuka.

Nitasema na hili, ingawa nimeshauriwa niliache. Mfumo ulikuwa ukionyesha wanachama 47 wamemaliza ada. Daftari linaonyesha 21. Nimeangalia orodha ya waliotia saini barua ya kunilalamikia, wako kumi na moja, na nane kati yao ni wale ambao mfumo uliwaonyesha wamelipa na ujumbe wa muamala hawana. Sisemi zaidi ya hapo.

Hesabu kwa jumla. Ada iliyotarajiwa ni 3,840,000. Waliomaliza 21, waliotoa nusu 9, ambao hawajatoa kitu 34. Kilichoingia 1,530,000, tunachodai 2,310,000. Matumizi: ukumbi na chai 680,000, seva na kikoa (anwani yetu ya mtandaoni) 410,000, rambirambi 300,000 (pamoja na ile niliyoitaja, ambayo imeandikwa lakini haijanirudia), safari za shule 95,000. Jumla 1,485,000. Ukiongeza salio la mwaka juzi, 212,000, tunafunga mwaka na 257,000. Mtaona seva inakula zaidi ya robo ya matumizi na kwa sasa haina inachobeba zaidi ya ukurasa wa kuingilia. Tumeshalipia mwaka mzima.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuwa na mfumo mpya. Kamati itaangalia uwezekano wa kupata watu wawili wa kuutunza, au zaidi, na kama hali itaruhusu kuwapa angalau posho ya bando. Tunafikiria pia safari ya Bagamoyo, ile ya tangu mwaka juzi. Kuna wazo la kushirikiana na vyama vingine. Mazungumzo hayajaanza ila nia ipo. Ningependa vilevile tukubaliane kutogusa seva siku ya Ijumaa, isije ikaharibika wikiendi inaanza, lakini najua likijadiliwa leo hatutakula.

Mimi binafsi sina nia ya kugombea tena, isipokuwa wanachama waone vinginevyo.

Mtunza hazina atakuwa mlangoni na daftari hadi saa 10. Jioni, kwa saa zetu. Njooni na ujumbe wa muamala, si picha ya ujumbe wa mtu mwingine.

Ahsanteni.

Mwenyekiti
Sinza, Dar es Salaam
Januari 2025