Tuandikieni paa aliyepaa juu ya paa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachapishaji na waandishi wa vitabu vya watoto. Nafundisha darasa la awali hapa Pangani, mkoani Tanga, na ombi langu ni moja: tuandikieni vitabu vya picha vya wanyama ambavyo mzaha wake umezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe.

Vingi vilivyomo kabatini mwetu vimetafsiriwa. Picha zake zinavutia, karatasi ni imara, kwa hayo sina ugomvi navyo. Lakini chukua hadithi ya panya na nyumba yake. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili, mouse na house, yanaishia kwa sauti moja, ndiyo maana mwandishi akayaweka pamoja na watoto wa huko wakacheka. Ikifika kwetu, panya ni panya na nyumba ni nyumba. Nasoma, watoto wananitazama wakingoja kitu kitokee, nafunua ukurasa mwingine. Panya wa Kiswahili ana mambo yake: panya kanyanyua nyanya, kaiponda, kaichanganya. Hapo darasa zima linadakia kabla sijamaliza mstari.

Kwa kukosa vitabu vya namna hiyo nimeanza kuchora mwenyewe, nyuma ya kalenda za zamani. Picha wanayoipenda kuliko zote ni ya kaa wa mikokoni, magando juu, ameketi kwenye jiko la mkaa. Chini nimeandika: “Kaa kakaa juu ya kaa.” Watoto wa huku kaa wanamjua, wanamwona kwenye matope maji yakikupwa. Mmoja aliuliza mbona haungui. Mwenzake akamjibu, “Si ana gamba!” Wakabishana mpaka uji ukafika. Wapo pia paa aliyepaa juu ya paa, na kanga mwenye madoa aliyejifunga kanga, upindo umeingia kinyumenyume.

Watu wazima wakiona hivi husema ni mchezo tu. Nami nasema hebu someni huu: “Mbuzi wa bibi amekalia mbuzi ya bibi. Imevunjika. Amekimbia.” Nani kavunjika, nani kakimbia? Mtoto wa miaka mitano hana njia ya kujibu ila asikilize hiyo i na hiyo a mwanzoni mwa kitenzi. Upatanisho wa kisarufi, ambao tunawakaririsha wakiwa wakubwa na bado wanaukosea, anaukamata akiwa anacheka, huku akimwonyesha mwenzake kwa kidole mbuzi ya kukunia nazi iliyopasuka na mkia wa mnyama unaoishia mlangoni. Vivyo hivyo kwa ndege aliyetua na ndege iliyotua. Sijaona zoezi la ubaoni linalofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Jambo jingine ni mafunzo ya mwishoni. Karibu kila kitabu cha wanyama kinamalizika kwa sungura kutubu, kisha yanafuata maswali. Maadili yana mahali pake, na ngano zetu zimejaa maadili. Lakini wazee waliotuachia ngano hizo walituachia vitendawili na vitanza ndimi pia. Yule katibu kata wa kata ya Mkata aliyekataa katakata hafundishi tabia njema. Ananyoosha ulimi, basi. Mtoto wa miaka minne aruhusiwe kufunga kitabu akiwa bado anacheka, asiulizwe amejifunza nini.

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umeshaonyesha kwamba vitabu vya watoto vya Kiswahili vinaweza kuandikwa na kuchapwa hapa hapa. Na sasa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapokea hadithi za watoto. Nawaomba wanaoisimamia wavipime peke yake vitabu vya picha vya watoto ambao bado hawajajua kusoma. Kikishindanishwa na hadithi ndefu, kitabu chenye sentensi kumi kitaonekana chepesi, ilhali kila neno lake limepimwa. Mchoraji naye atajwe na atuzwe sawa na mwandishi, kwa sababu bila picha yule kaa wangu hachekeshi. Na wachapishaji, kabla ya kupeleka kazi mtamboni, isomeni kwa sauti mbele ya watoto. Wakikaa kimya, irudisheni kwa mwandishi.

Waandishi wa kazi hiyo wapo. Tanga haijawahi kupungukiwa malenga, na mtu anayepanga vina vya kati na vya mwisho kwa ajili ya harusi hashindwi na mistari minane ya popo na papa mwenye pupa. Wafuateni, muwalipe vizuri, na vitabu vya kwanza mvilete huku tuvijaribu.

Mwalimu wa darasa la awali,
Pangani, Tanga