Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: tochi ya mchana haimkamati mlevi wa alfajiri

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Nakuandikia wewe, na si wakuu wa trafiki peke yao, kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na hili la madereva kuendesha wamelewa ninalolisema haliwezi kumalizwa na trafiki. Linagusa polisi, linagusa halmashauri inayotoa leseni za baa na, samahani kwa kusema, linagusa madereva wa serikali na mabosi wao.

Nina banda la supu kando ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo malori hulala. Nawasha moto saa 9 usiku, na ikifika saa 11 alfajiri sufuria ya kongoro iko tayari. Wateja wangu wa kwanza ni madereva na matingo wao. Wengi ni watu wa maana. Wamelala, wamenawa uso, wanakula wanaondoka. Lakini wapo wanaokuja macho mekundu, harufu imewatangulia. Huyo atakamua ndimu mbili kwenye bakuli, atamwaga pilipili mpaka supu ibadilike rangi, kisha atamtuma tingo grosari ya jirani amletee bia moja ya baridi "ya kutoa loki", yaani ya kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Anaimaliza akiwa amesimama. Muda si mrefu yuko kwenye usukani na tani zake za saruji, safari ya Singida.

Mimi ni muuza supu, kwa hiyo hili nalisema kwa hasara yangu: supu haitoi pombe mwilini. Wala chai ya tangawizi, wala kuoga maji ya baridi, na hiyo bia ya kutoa loki ndiyo kwanza inaongeza. Pombe inaondolewa na ini, na ini halina haraka. Bia moja ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama gramu 20 za alkoholi. Kwa mwanamume wa kilo 70, hiyo inapandisha kilevi kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100 za damu, na ini linapunguza kama 15 kwa saa. Sasa mpigie hesabu dereva aliyeanza saa 2 usiku, akanywa chupa sita taratibu, akaacha saa 6, akalala. Saa 12 asubuhi anapowasha gari bado ana miligramu 90 hivi. Anajiona mzima kwa sababu amelala na meno amepiga mswaki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaishia miligramu 80 kwa dereva wa kawaida, na wa gari la biashara hatakiwi kuwa na kilevi kabisa.

Wanaharakati wameomba miaka mingi sheria hiyo irekebishwe na ukomo ushuke hadi 50, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Sawa, ushushwe. Lakini kuna faida gani kushusha namba ambayo hakuna anayeipima saa ambazo watu wamelewa?

Utaniambia trafiki wapo. Wapo kweli, Mheshimiwa, na kazi yao inaonekana. Toka hapa mpaka Gairo uangalie magari yanavyoingia Chamwino, Mbande, Kibaigwa na Pandambili. Dereva aliyekuwa anakimbizana na roho yake anafika kwenye kibao cha 50 anakuwa mpole kama bwana harusi. Wanapigiana taa, wanaonyana kwa ishara za mkono, wote wanatambaa. Si kwamba wamewaonea huruma watoto wa shule. Wanaogopa tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Na faini yenyewe, shilingi 30,000, haimfilisi mwenye basi. Kinachowanyoosha ni kwamba wanajua wakizidisha watakamatwa, leo hii, na si siku nyingine.

Mlevi hana hofu hiyo. Tochi inapima mwendo, na ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mabasi nao unaonyesha mwendo. Pumzi ya dereva haionyeshi. Kipima ulevi mara nyingi tunakiona karibu na Krismasi na Pasaka, stendi, asubuhi, dereva anapuliza na waandishi wanapiga picha. Ijumaa saa 7 usiku, watu wanapotoka baa za Area C na Nkuhungu, mimi sijakiona. Na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Abiria amelala, kipimo kimelala, tunabaki kumwomba Mungu dereva awe macho.

Sisemi madereva ndio wabaya peke yao. Tajiri anaona gari lake kwenye simu. Saa 10 alfajiri anapiga kuuliza mbona halijatembea, na kwa kuwa dereva anaweka sauti ya juu, wote bandani tunasikia. Sijawahi kumsikia tajiri anauliza, "Jana umekunywa nini?" Dereva akikamatwa amelewa, naomba na tajiri aitwe ajieleze, maana aliyemharakisha ni yeye.

Sasa niingie kwenye lile gumu. Dodoma ni makao makuu. Serikali imehamia, Mtumba imejengwa, na bajeti ikianza Bungeni mji unafurika hadi wenye nyumba za wageni wanachagua wateja. Ni neema, na mimi mwenyewe naipata. Lakini pita Ijumaa usiku nje ya kumbi zetu uone namba za STK, magari ya serikali, zilivyopangana. Dereva wa serikali anamsubiri bosi mpaka saa 8 usiku, na bosi kwa ukarimu anamtumia bia mbili tatu asisinzie. Hapo trafiki akilisimamisha gari, kioo kinashuka nusu na swali linatoka ndani: "Unanijua mimi ni nani?" Konstebo ana watoto, ana kodi ya nyumba, hataki kuhamishiwa asikokujua. Anapiga saluti, gari linapita. Wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake ndiye anayeulizwa leseni, kofia na bima.

Ninachoomba hapo hakihitaji bajeti. Toa agizo la maandishi kwamba atakayesimamishwa usiku atapuliza, awe na namba ya njano, ya STK au ya taasisi yoyote, na kwamba askari atakayepigiwa simu na mkubwa aandike jina la aliyepiga kwenye kitabu cha zamu. Nadhani simu zitapungua wiki ya kwanza tu.

Kwa vijana wa bodaboda tuna mfano wetu wenyewe. Kabla ya tarehe 1 Machi 2017 kijana alikuwa anatembea na kiroba, kile kipakti cha pombe kali, kwenye mfuko wa shati, anakifyonza huku anasubiri abiria. Serikali ikapiga marufuku viroba, na watu tukasema haiwezekani. Ikawezekana. Ulevi haukuisha, vichupa vidogo vimeshika nafasi, lakini kiroba cha mfukoni hukioni tena kijiweni. Kumbe serikali ikisimamia jambo, tunatii.

Askari hawatoshi, najua. Basi wachache waliopo wahamishwe saa. Wapunguzwe wale wa saa 5 asubuhi waliojipanga kilomita chache tu kutoka kwa wenzao, wawekwe usiku wa Ijumaa hadi Jumapili kwenye barabara za mjini, na saa 11 alfajiri wawe yanapotokea malori, barabara ya Morogoro, ya Singida na ya Iringa. Wasisimame sehemu moja kila wiki, maana taa za kuonyana zinafanya kazi usiku pia. Halafu kila mwezi mkoa ututangazie idadi ya waliopimwa, na si ya waliokamatwa tu. Ukiniambia wamekamatwa kumi sielewi kitu, mpaka nijue walipuliza kumi na wawili au elfu mbili.

Aprili Bunge la bajeti linaanza na mji utajaa tena. Naomba vipimo viwe vimeanza kabla ya hapo, na vianze usiku wa Ijumaa bila kutangazwa, bila uzinduzi wa maturubai na wageni waalikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza supu, barabara ya Morogoro, Dodoma