Barua ya wazi kwa Waziri: Tumeshaambiwa tuwe makini, sasa tuonyesheni jina la tunayemlipa

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya biashara na mawasiliano,

Yah: Hela zinazokwenda kwa mtu tusiyemjua

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nimelizwa. Nilikuwa natafuta kiti cha kazini chenye kuegemeza mgongo, maana mgongo wangu una kesi yake ya muda mrefu. Tangazo likanijia lenyewe kwenye simu. Kabla ya kulipa nilifanya yote ambayo kipeperushi cha ofisi yako kinatuagiza. Nikaangalia alama ya kufuli pembeni ya anwani ya tovuti, ipo. Nikasoma maoni ya wateja, yote sifa tupu. Nikapiga namba iliyoandikwa pale, akapokea dada mwenye sauti ya upole akaniita "bosi". Nikauliza kama naweza kulipa kwa kadi. Akasema kadi inasumbua leo, nitume moja kwa moja kwenye akaunti, mzigo uanze safari jioni hiyohiyo. Nikatuma.

Ujumbe wa kuthibitisha malipo ulipoingia, jina la aliyepokea halikuwa la duka. Yalikuwa majina mawili ya mtu binafsi, kwa herufi kubwa, ambayo sikuyaona popote kwenye ile tovuti. Nikapiga ile namba: haipatikani. Baada ya siku mbili hata tovuti ikawa haifunguki.

Hoja yangu imelala hapo, Mheshimiwa. Mfumo ulioniletea lile jina ulikuwa unalijua kabla sijabonyeza "thibitisha". Ukasubiri hela iondoke ndipo ukaniambia. Ningeliona sekunde kumi mapema, nisingetuma. Wala siombi miujiza. Uingereza benki kubwa zilianza mwaka 2020 kulinganisha jina analoandika mlipaji na jina lenye akaunti, na kumwonya yasipofanana. Nchi zinazotumia yuro zimelifanya jambo hilo kuwa lazima, tena bila malipo, tangu Oktoba 2025.

Sasa turudi kwenye kufuli, kwa sababu hapo kipeperushi kinapotosha. Kufuli linamaanisha kwamba kinachopita kati ya simu yangu na ile tovuti kimefumbwa, asiyehusika hawezi kukisoma njiani. Halisemi lolote kuhusu aliyekaa upande wa pili. Cheti kinacholeta kufuli hilo kinapatikana bure, kwa dakika chache, na tapeli anakipata sawasawa na mwenye duka halali. Google walipochunguza mwaka 2021 waligundua kuwa ni asilimia 11 tu ya washiriki waliojua kufuli lina maana gani hasa, na Septemba 2023 wakaliondoa kwenye kivinjari chao cha Chrome wakaweka alama nyingine. Wao wameliondoa, sisi bado tunalichapa kwenye vipeperushi na kuwaambia watu kwamba ndiyo dalili ya usalama.

Kama lazima kipeperushi kiwepo, basi kifundishe kusoma anwani. Jina la duka maarufu likiwa mwanzoni mwa anwani ndefu halithibitishi kitu, mwenye tovuti yuko kwenye maneno ya mwisho kabla ya alama ya kwanza ya mkwaju (/) iliyo peke yake. Na herufi "r" na "n" zikikaa pamoja kwenye kioo kidogo cha simu zinasomeka "m". Jaribu mwenyewe kwenye simu yako, ukiwa umesimama kwenye foleni, jua linawaka.

Siku ya tatu nikapigiwa simu. Kaka mmoja, sauti ya kiofisi, nyuma yake kelele za watu wakiongea na simu nyingine. Alijua jina langu. Alijua kiasi nilichopoteza, alijua hata rangi ya kiti. Akajitambulisha kuwa anatoka kitengo cha kurudisha fedha zilizoibwa na kwamba faili langu limekamilika, imebaki nimsomee namba itakayoingia. Nikiwa bado naongea naye, simu ikatetemeka. Ujumbe ulisomeka: namba yako ni hii, usimpe mtu yeyote. Nikamwambia hapa pameandikwa nisimpe mtu yeyote. Akajibu bila hata kusita, "Mimi si mtu yeyote, bosi, mimi ni wa kitengo."

Nilikata simu, ila nakiri mkono ulishachukua muda kabla ya kukata. Mtu aliyetoka kulizwa anatamani sana kuamini kwamba hela yake inarudi, nao wanalijua hilo. Kumwambia mtu wa namba hiyo "kuwa makini" ni kama kumwambia mwenye homa asitetemeke.

Kwa hiyo naomba tuzungumze juu ya nani abebe hasara. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyedanganywa akatuma hela kutoka akaunti yake kwenda akaunti nyingine ya humohumo nchini hurudishiwa, kwa kiwango cha juu kilichowekwa, na gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayonivutia. Benki inayompokelea tapeli hela zake ikijua kwamba italipa, itaanza kuuliza maswali siku akaunti inapofunguliwa, na itashtuka akaunti ya jana ikipokea malipo ya watu arobaini wasiojuana. Leo haina sababu ya kushtuka. Nimeshasikia jibu la wenye benki, kwamba watu wakirudishiwa watabweteka. Kanuni ile ile inamnyima fidia aliyezembea kupita kiasi, na anayeshiriki wizi mwenyewe. Halafu, Mheshimiwa, hakuna anayebweteka kwa raha ya kujaza fomu za malalamiko.

Kuhusu wenye masoko ya mtandaoni sitasema mengi. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2024, soko la mtandaoni halimruhusu mfanyabiashara kuuza kabla halijapata jina lake, anwani na utambulisho wake. Marekani nao wana sheria yao tangu Juni 2023 kwa wauzaji wakubwa. Linalonikera mimi ni tangazo: kuna mtu alilipia tangazo la kile kiti mpaka likafika kwenye simu yangu, na kuna kampuni iliyopokea malipo hayo. Aliyelipia anajulikana kwao. Mimi nimeambiwa siwezi kupewa.

Ombi langu kwako ni dogo na liko ndani ya mamlaka yako: agiza jina la mpokeaji lionekane kabla ya kitufe cha mwisho, kwa kila malipo na kwa kila mfumo. La nani alipe hasara litachukua muda, najua, lina vikao vyake. La jina halihitaji kikao.

Taarifa yangu niliiandikisha siku ileile, nikapewa namba ya kumbukumbu, nikaambiwa nitapigiwa. Wiki ya tano hii. Juzi, kwa kutaka tu kujua, nilituma kwenye ile akaunti kiasi kidogo kabisa kinachokubalika. Kikaingia. Ujumbe ukarudi na majina yale yale mawili, kwa herufi kubwa.

Wako,
Mnunuzi