Kabla Hujamchoma Mtoto wa Mbwa OTC

Ombi linalotufikia mara nyingi kwenye duka letu la dawa za mifugo hapa Tabora mjini ni hili: "Daktari, nipimie OTC kidogo, kuna mtoto wa mbwa anaharisha." OTC ni oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano wanayochomwa ng'ombe. Wengine huja wakiwa wameshaanza tiba nyumbani. Wamefungua kidonge cha tetrasaiklini kilichobaki kabatini, wakakoroga unga wake kwenye maziwa, na mbwa bado anaharisha. Jibu letu ni lile lile kila mara: mlete tumwone kwanza. Wapo wanaokasirika, wakidhani tunatafuta hela ya kumwona daktari juu ya hela ya dawa. Tunawaelewa, na tunaomba mtusikilize, kwa sababu mbwa wengi wadogo tunaowapoteza huletwa wakiwa wamechelewa, na muda wao umeishia kwenye dawa isiyowahusu.

Antibayotiki huua bakteria, au huwazuia wasizaliane. Haiui kirusi, haiui mnyoo, wala haiui vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Na mbwa wa miezi miwili hadi mitano anapoharisha, mara nyingi chanzo si bakteria wa kutibiwa kwa sindano. Ni minyoo, au ni chakula kilichobadilishwa ghafla. Kanunuliwa kijijini Uyui akiwa bado ananyonya, kafika mjini siku hiyo hiyo kapewa ugali na dagaa wa Kigoma wenye chumvi zao. Tumbo lake lazima ligome. Huyo, kama anacheza na anakula, hupona kwa maji safi, chakula laini kidogo kidogo na siku chache za uvumilivu. Au basi ni pavo, na hapo ndipo penye hatari.

Pavo ni kirusi, na kilianza kujulikana duniani kwa mbwa mwaka 1978. Kinapoingia mwilini hutafuta chembe zinazogawanyika kwa kasi, na kwa mbwa mdogo chembe hizo ziko hasa sehemu mbili: ukuta wa utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo unachubuka, mbwa anatapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Wakati huo huo uboho unashindwa kutengeneza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Bakteria waliokuwa wanaishi tumboni bila kumdhuru wanapenya kwenye damu, na hawakuti mtu wa kuwazuia. Ndiyo maana hata sisi tunamchoma mgonjwa wa pavo antibayotiki: tunawafuata bakteria hao waliopenya, kirusi chenyewe hakina dawa. Kinachomwokoa zaidi ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, sukari isishuke, joto, na chakula kidogo mara tu anapoweza kukipokea. Bila matibabu wengi hufa. Wakiwahishwa, wengi hupona. Aliyekaa nyumbani siku tatu akichomwa OTC anafika ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama, na fizi zimepauka na kukauka. Hapo hata mshipa wa kuwekea dripu ni shida kuupata.

Minyoo nayo watu huichukulia kirahisi. Kuna minyoo ya duara ambayo mtoto wa mbwa huzaliwa nayo kabisa, kwa kuwa huvuka kutoka kwa mama akiwa bado tumboni, na mingine humfikia kwa maziwa. Kwa hiyo mbwa ambaye hajawahi kutoka nje ya boksi anaweza kuwa na tumbo limevimba kama ngoma na nywele zimefifia. Safura za mbwa hunyonya damu hadi fizi zinakuwa nyeupe. Kipimo chake si cha gharama: kinyesi kibichi kiasi cha punje ya harage, kinavurugwa kwenye maji ya chumvi iliyokolea, kinachujwa, tunasubiri mayai yaelee juu, kisha tunayatazama kwa hadubini. Ukitaka tutakuonyesha mwenyewe. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mwenye watoto nyumbani azingatie zaidi, maana mayai ya minyoo hiyo ya duara yakimezwa na mtoto anayecheza mchangani, viluwiluwi vyake huweza kuzunguka mwilini hadi kwenye ini au jicho.

Wateja wetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wana jambo jingine, hasa wenye mbwa wanaoingia porini na walina asali. Mbwa anakonda huku anakula, uso unavimba, macho yanakuwa na ukungu wa buluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Ameshachomwa OTC, akapata nafuu ya siku mbili, akarudi pale pale. Tukichukua tone la damu yake na kuliweka chini ya hadubini, tunawaona wale vijidudu vya mbung'o wakijipindapinda katikati ya chembe nyekundu na kuzisukuma huku na huku. Huo ni ugonjwa wa nagana. Una dawa zake, na kiasi cha kumchoma mbwa ni cha kuchunga sana, kwa hiyo usithubutu kumchoma ile ya ng'ombe kwa kukisia.

Kuna wakati antibayotiki ndiyo dawa hasa. Kupe wa kahawia wanaojificha kwenye nyufa za banda hueneza bakteria anayeishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa anapata homa, anatokwa damu puani, ananyong'onyea. Hapo tunaandika doksisaiklini ya wiki 4 hivi. Wengi wakiona mbwa amechangamka siku ya tano wanaiacha, na vidonge vilivyobaki vinahifadhiwa kwa ajili ya mbwa wa jirani. Tunawasihi msifanye hivyo. Bakteria dhaifu wamekufa, wale wagumu wamebaki.

Sasa tuseme kuhusu madhara, maana husikika maneno kwamba "kama haimsaidii haimdhuru". Inamdhuru. Tetrasaiklini, na OTC ni ya ukoo huo, hushikamana na kalsiamu: kwa mbwa ambaye meno na mifupa bado inajengeka, meno huota yakiwa na rangi ya njano au kahawia na hayasafishiki tena maisha yake yote. Enrofloksasini, ambayo wafugaji wa kuku wanaijua sana, huharibu gegedu za viungo vya mbwa anayekua, akabaki anachechemea. Halafu kipimo. OTC ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kilo 10 za ng'ombe. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 akichomwa mililita 1 kwa bomba lile lile la ndama, amepewa mara tano ya kiwango hicho, na paja litavimba na kumuuma kwa siku kadhaa.

Lakini dhara tunaloliona kubwa kuliko yote halionekani kwa macho. Utumbo wa mbwa una sehemu kubwa ya kinga yake, na kinga hiyo hujifunza kazi ikiwa pamoja na bakteria wazuri wanaoishi humo tangu anazaliwa. Dawa kama metronidazo, inayotolewa kila mbwa akiharisha, huwafyeka hao pia, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla hawajarudi. Bakteria sugu wanaobaki hawaishii kwa mbwa. Yule anayelamba viganja vya watoto jioni anaweza kuwagawia, na huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunaoambiwa kila Novemba, katika wiki ya dunia ya uhamasishaji wake.

Kinga ya mtoto wa mbwa inatoka wapi basi? Kwanza kwenye dang'a, maziwa ya mwanzo ya mama. Karibu kinga yote anayopewa na mama yake huipata humo, na mlango wake ni siku ile ya kwanza tu, baadaye utumbo hauipitishi tena. Kinga hiyo hupungua wiki hadi wiki. Kuna kipindi ambapo haitoshi tena kumkinga, lakini bado ina nguvu ya kuizima chanjo, na hakuna anayejua kwa kutazama tu kipindi hicho kinaangukia lini kwa mbwa wako. Ndiyo sababu tunarudia chanjo kila wiki 3 au 4 kuanzia wiki ya 6 hadi 8, mpaka apite wiki 16. Aliyechanjwa mara moja tu akiwa na wiki 7 asihesabiwe amekingwa. Chanjo hiyo hubeba pavo na homa ya mbwa pamoja, ile iliyoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Ya kichaa cha mbwa hufuata akifika miezi 3. Popote utakapochanja, uliza chanjo imehifadhiwaje: inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na kichupa kilichosafiri mfukoni kutoka stendi ni maji tu. Kwa maoni yetu, hela ya kwanza ya mbwa mpya iende kwenye minyoo na chanjo. Ya antibayotiki ingoje sababu.

Ukimleta, njoo na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye mfuko safi, na ganda la dawa yoyote aliyokwisha kupewa. Hatutakugombeza, tunahitaji kujua. Kama anatapika na kuharisha damu, mbakize kwenye boksi nje ya mlango na umtume mtu atuite, tutamfuata hapo hapo, kwa sababu kirusi cha pavo hukaa ardhini kwa miezi na ndani kuna wengine wanaosubiri chanjo. Nyumbani, sakafu ya saruji ioshwe kwa sabuni, kisha ipakwe Jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuza. Kwenye uwanja wa udongo Jiki haisaidii. Hapo usilete mbwa mwingine mdogo ambaye hajamaliza chanjo.